Waliokwenda Kagera waandikwe majina kungali mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa watendaji wa vijiji na mitaa, kwa viongozi wa parokia na misikiti, na kwa familia za hapa Moshi.

Mwezi uliopita tulimzika baba yangu mdogo huko Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, alikozaliwa. Wasifu wa marehemu ulisomwa vizuri: shule, ndoa, watoto, utumishi wake katika chama cha msingi cha kahawa. Kuhusu vita ilisomwa sentensi moja tu, kwamba mwaka 1978 hadi 1979 alishiriki Vita vya Kagera. Mashada yalipokwisha kuwekwa, wazee watatu waliokuwa wamekaa nyuma, karibu na migomba, walisogea hadi kaburini, wakajipanga, mmoja akiegemea mkongojo, wakapiga saluti. Vijana wenye makoleo wakaulizana hao ni akina nani. Nilipowafuata wakati wa chakula, mkubwa wao alinieleza kwamba waliondoka wakiwa mgambo, wakulima tu, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Kisha akanitajia vijana wawili wa kitongoji cha jirani ambao hawakurudi. Mmoja alimkumbuka kwa jina la ubatizo peke yake.

Moshi imekwisha kupoteza majina namna hii. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliutegemea sana mji huu, kwa kuwa reli ya kutoka Tanga iliishia hapa, na Machi 1916, baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliuteka. Wapagazi walioyabebea majeshi ya pande zote mbili risasi na unga, wakafa kwa kuhara, malaria na njaa, wengi wao hawana kaburi linalojulikana. (Ndio hao, walioitwa Carrier Corps kwa Kiingereza, walioiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo.) Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Leo hakuna mzee wa kumuuliza habari zao. Wa Kagera bado tunakaa nao kibarazani.

Najua jeshi lina kumbukumbu zake, najua pia kwamba huko Kaboya, wilayani Muleba, mashujaa wamezikwa kwa heshima, na kwamba kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka. Lakini mjukuu wa Kibosho hajui kwamba babu yake aliacha kahawa ikiiva mtini akaenda vitani. Hata Mkutano wa Moshi wa Machi 1979, ambapo Waganda waliokuwa uhamishoni waliunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi wao, wiki chache kabla Kampala haijaanguka tarehe 11 Aprili, wanafunzi niliowauliza hawakuwa wamewahi kuusikia, nao wanaishi mji huu huu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Kila kitongoji kiwe na daftari moja, waandikwe waliokwenda, waliorudi na wasiorudi, majina yote matatu na ukoo, na wazee walio hai wasimulie huku kijana anarekodi kwa simu. Desemba ndio wakati wake, kwa kuwa watoto wa Kilimanjaro waliotawanyika mikoani hurudi nyumbani kwa Krismasi, na shangazi anayekumbuka jambo hukutana na mpwa mwenye picha ya zamani.

Mimi nimeanza. Daftari langu lina majina saba mpaka sasa, na yule kijana wa kitongoji cha jirani nimemwandika mstari wake kwa jina moja, nikaacha nafasi mbele yake. Ndugu zake, kama wanasoma barua hii, naomba wanitafute kupitia ofisi ya kijiji.

Msomaji wako,
Kibosho, Moshi