Nenda Jumapili jioni

Brooklyn Park, Minnesota
Jumanne usiku

Kwako shoga yangu Mama Fatma,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya kwanza garini nikitoka kazini, mara mbili jikoni sufuria ikiungua. Ati yule mtu wa ustawi wa jamii hapo hospitali amekupa karatasi ya nyumba 11 za wazee, anataka jibu kesho kutwa, na wifi yako wa Tanga ameshapiga simu kuuliza kwa nini unamtupa kaka yake. Mwache wifi. Hajamgeuza mwanamume wa kilo 90 kitandani saa nane za usiku, na mgongo wako mimi naujua. Shemeji upande wake wa kulia umekufa ganzi wote, maneno hayamtoki, kumnyanyua ni kazi ya watu wawili. Hapo huna la kumwomba mtu radhi. Hangaikia atalala wapi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utalia, nami nitakufuata.

Miaka 14 nimefanya CNA, yaani msaidizi wa manesi, ndani ya nyumba hizi, tano tofauti. Nakwambia ya ndani.

Leo usiku fungua tovuti ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, sehemu inayoitwa Care Compare, uandike Columbus, mji wako. Kila nyumba ina nyota, 1 hadi 5. Nyota ya jumla imepikwa kwa vitu vitatu: ukaguzi, idadi ya wauguzi, na vipimo vya hali za wagonjwa. Hivi vipimo vingi vyake vinatokana na fomu ambazo nyumba yenyewe inajaza, na mpishi gani atasema pilau lake limeungua? Soma ukaguzi, maana wakaguzi huingia bila kupiga hodi. Soma idadi ya wauguzi, maana tangu 2018 inatokana na orodha za mishahara. Tena tazama wikiendi peke yake, na tazama ni wafanyakazi wangapi wameacha kazi; vyote vimeandikwa. Ukiona alama nyekundu yenye kiganja, hapo wamepatikana na kosa la unyanyasaji. Likate jina hilo.

Kwa nini nashikilia idadi? Kuna jambo hata Baba Idi sijamsimulia vizuri. Ilikuwa usiku wa theluji, katika nyumba yenye nyota nne na piano mapokezi. Wenzangu wawili walishindwa kufika. Nikabaki peke yangu na watu 28, na nesi mmoja akipanda na kushuka ghorofa mbili. Kengele ya chumba cha mwisho ikawaka. Mimi nilikuwa namsafisha bibi mmoja, nimemfikisha nusu, humwachi mtu hivyo. Nilipomaliza zilikuwa zimewaka nyingine mbili, za karibu zaidi. Kumfikia yule mzee ilipita kama dakika 40. Alichoka kusubiri, akajaribu kwenda msalani mwenyewe. Nyonga ikavunjika. Nimepiga magoti sakafuni, yeye ndiye ananiomba mimi samahani, ati alijua nina kazi nyingi. Chumba kile hakurudi tena.

Hakuna aliyemtesa, Mama Fatma. Hakuna hata aliyemjibu vibaya. Watu hawakutosha tu. Na yule mzee alikuwa na mdomo wa kuita na mikono miwili ya kubonyeza kengele. Shemeji hana.

Sasa kutembelea. Ziara ya kwanza utazungushwa na binti wa ofisini, mwenye tabasamu na faili. Hiyo ndiyo mgeni siku ya kwanza, mpe mchele na panza. Kula, shukuru, ondoka. Halafu rudi Jumapili, saa kumi na moja jioni, chakula kikitolewa, bila kumwambia mtu. Kaa kwenye korido kama unamsubiri mtu. Kengele ikiwaka juu ya mlango, tazama saa yako mpaka mtu aingie. Tazama wasioweza kujilisha: kuna mtu ameketi kando yao, au trei inapoa mbele yao? Gilasi ya maji iko mkono unaofanya kazi? Kwa shemeji ni kushoto, maji na kengele, vyote kushoto. Nimeona maji yamewekwa upande uliopooza kutwa nzima, na jioni mtu anaandika kuwa mgonjwa "amekataa kunywa".

Harufu, kila mtu atakwambia unuse mkojo. Mkojo mlango mmoja si kitu, mtu amejikojolea na atabadilishwa. Ukinuka jengo zima, geuka. Na marashi mazito kila kona nayo yanitia wasiwasi.

Usimuulize meneja, muulize CNA. Sema tu, dada, leo una watu wangapi? Umekaa hapa muda gani? Huenda akawa Mwafrika mwenzetu. Kama hawezi kusema, atakuangalia, nawe utaelewa. Ukiambiwa na watatu mfululizo kwamba wameletwa na ejensi na leo ni siku yao ya kwanza, hakuna atakayejua kwamba shemeji akikunja uso hivi ana maumivu na akikunja vile anataka msalani.

Tena kuna karatasi ya wauguzi wa siku hiyo. Sheria inataka ibandikwe mahali pa wazi. Isome, kisha hesabu vichwa. Ripoti ya ukaguzi nayo lazima iwe mahali unapoweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Wakisema imefungiwa kabatini, ndiyo ripoti yenyewe hiyo.

Habari ya nguruwe kaulize jikoni, ofisini watakubali chochote. Na uliza kama kuna mwanamume wa kumwogesha. Shemeji ana haya, tangu ujana. Kopo la msalani utalipeleka mwenyewe, liandike jina.

Fedha kwa ufupi, maana nimechoka. Kama yuko kwenye Medicare ya kawaida ya serikali, hakikisha hospitali ilimlaza kweli siku tatu. "Uangalizi" (observation) hauhesabiki, hata kama amelala kitanda kilekile. Siku 20 za kwanza za nyumba ya wazee inaweza kulipa zote, ya 21 hadi ya 100 nawe unachangia kila siku, baada ya hapo basi. Akihitaji kukaa zaidi ni mfukoni au Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na hilo katafute mwanasheria wa wazee mapema. Usisaini popote panaposema wewe binafsi utamdhamini. Sheria ya shirikisho inawakataza kukulazimisha. Karatasi ya kuacha haki ya kwenda mahakamani nayo si sharti la kupokelewa. Ukiisaini kwa kuchanganyikiwa, una siku 30 za kuifuta.

Umbali nao. Mimi ningechukua nyumba ya nyota tatu iliyo dakika 10 kutoka kwako kuliko ya tano iliyo mwendo wa saa nzima. Utakuwa unaingia asubuhi leo, kesho usiku, hawajui saa yako. Ukifika funua shuka, tazama visigino na sehemu ya juu ya makalio. Ngozi nyekundu isiyofifia ukiibonyeza, mwite nesi palepale. Wakikuzungusha, kila jimbo lina ombudsman, yaani mtetezi, wa wakazi wa nyumba hizi, hutozwi kitu.

Chagua nyumba mbili au tatu, mwombe mtu wa hospitali akusubiri mpaka Jumatatu, umwambie hujaridhika. Watanung'unika. Nimebadilishana shifti na Mfilipino mmoja, Jumamosi usiku niko Columbus. Jumapili tutakaa wote kwenye hiyo korido, tumejifunga mitandio yetu, wadhani tumepotea.

Shemeji mwambie kashata zake zipo, lakini sizileti. Kwanza apimwe kumeza. Nitamletea ile kaseti ya taarabu.

Wako,
Mama Idi