Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Suala la Meli za Anga

Ndugu wanachama,

Vikao vyote vinne vimefanyika na deni la pango limelipwa; hesabu zake atazieleza mweka hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililotuchukulia muda mwingi kuliko yote, nalo ni pendekezo la dalali mmoja kwamba chama kinunue hisa katika biashara ya meli za anga, vyombo vikubwa vinavyoelea kwa gesi, ambavyo kwa maneno yake vitashusha mzigo popote bila bandari wala uwanja.

Wengi wenu mliuliza habari za moto, mkikumbuka Hindenburg, meli ya anga ya Wajerumani iliyoteketea Lakehurst, Marekani, Mei 1937, watu 36 wakafa. Hindenburg ilijazwa haidrojeni. Meli za sasa hutumia heliamu, ambayo haishiki moto. Kamati iliona shida iko kwingine.

Katika kikao cha Juni mweka hazina alileta maputo matatu ya sherehe yaliyojazwa heliamu, akayafungia kijiko cha chai, akaongeza sarafu moja moja hadi yakatulia juu ya meza. Alipokifungua kijiko yakapaa hadi darini, na ilibidi mlinzi aitwe na ngazi. Nahodha mmoja mstaafu akatamka neno moja tu: farumi. Jahazi likishusha mzigo hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga, ili lisipinduke. Meli ya anga ikishusha tani 60, isipopakia papo hapo uzito unaokaribia huo, au kuachia gesi ambayo ni ghali, itaondoka yenyewe. Kwa hiyo "popote" ya dalali ni popote penye maji ya kutosha na pampu ya kuyapandisha.

Kampuni ya CargoLifter ya Ujerumani, iliyokusudia kubeba tani 160 kwa mkupuo, ilijenga banda la urefu wa mita 360 kusini mwa Berlin, ikafilisika mwaka 2002 kabla ya kuijenga meli hiyo. Leo watu huogelea ndani ya banda hilo.

Hata sisi tuliwahi kukaribia kufikiwa na meli ya anga. Novemba 1917 Wajerumani waliituma L59 kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na takriban tani 15 za vifaa vya jeshi la kamanda wao von Lettow-Vorbeck lililokuwa likipigana huku kwetu Afrika Mashariki. Ikiwa juu ya Sudan iliamriwa igeuze, ikatua ilikotoka baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Lakini mpango wenyewe haukuwa na safari ya kurudi: ingefika, ingevunjwa, na kitambaa chake kingeshonwa mahema. Vita huweza kuvumilia hesabu ya namna hiyo. Msafirishaji anayepaswa kurudi kuchukua mzigo mwingine hawezi.

Alipobanwa, dalali alitaja heliamu ambayo ugunduzi wake Rukwa ulitangazwa mwaka 2016. Ni kweli, ila gesi hupandisha, haiteremshi.

Kamati inapendekeza hisa zisinunuliwe mwaka huu. Dalali aliombwa alete maelezo ya maandishi kuhusu farumi. Hadi ninapoandika taarifa hii, ametuletea kalenda.