Salamu za shukrani kutoka Makunduchi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Sisi watoto na wajukuu wa nyumba ya Bibi, Kajengwa, Makunduchi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha salama. Kisha tunawashukuru ndugu, jamaa, majirani na marafiki waliotushika mkono tangu upepo na mvua za masika vilipotuezulia nyumba, hadi Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ukatukuta Julai.

Usiku ule paa liliondoka na pau zake. Mwani wa kina mama, uliokwisha kukauka ukimsubiri mnunuzi, ukarowa wote. Hakuumia mtu, alhamdulillah.

Ulipokaribia Mwaka Kogwa tulikaa kitako tukakubaliana kupunguza. Kwa desturi nyumba yetu hupika siku zote nne, mlango wazi, na watoto huvaa nguo mpya kwenda Kae Kuu, uwanja wa sherehe. Safari hii tukasema tutapika siku ya kwanza tu, wali na mchuzi wa pweza kwa watu wa ndani. Nguo zitakuwa zile zile za Idi. Wageni tukawapigia simu kuwaomba radhi. Bibi hakupendezwa hata kidogo: nyumba isiyopata mgeni siku ya Mwaka, kwetu huhesabiwa imeuanza na nuksi.

Mkaja! Tuliowaambia msije ndio mliotangulia kufika. Wa Jambiani mlishuka na samaki na kuni, wa Mjini na mchele na mafuta, na jamaa zetu wa Pemba mlivuka bahari na halua. Wageni mkawalisha wenyeji. Bibi anasema jambo hilo hajaliona tangu azaliwe, na bado anamsimulia kila anayepita barazani.

Shukrani za pekee ziwaendee vijana wa pande zote mbili, Kaskazini na Kusini. Hao ndio wanaochapana kwa vigogo vya migomba pale Kae Kuu, kila mtu atoe kinyongo chake cha mwaka mzima. Na hao hao walipanda pamoja juu ya nyumba yetu kupigilia pau. Migomba mingi ililazwa na upepo, basi wakawa wanataniana kwamba safari hii silaha zimekatwa mapema. Wazee nao walitupa makuti. Tulipoona haya kuyapokea, mmoja akatuambia tuezeke kwanza, ya kile kibanda kinachochomwa siku ya Mwaka yatapatikana. Na kweli yalipatikana.

Tunamshukuru Sheha wetu, fundi aliyekataa ujira, walimu na watoto wa madrasa waliotusomea dua, na jamaa wa Muscat na London waliotuma walichojaaliwa. Si rahisi kumtaja kila mmoja. Tusiowataja mtuwie radhi, na Mungu awalipe kheri.

Nyumba sasa imeezekwa bati upande wa mbele. Jikoni bado ni makuti, na Bibi ametukataza kuyagusa. Jiko la bati, anasema, ni tanuri.

Mwisho, kuna sufuria kubwa iliyokatika mkono mmoja, jamvi jipya na birika la kahawa vimesahaulika kwetu baada ya karamu. Wenyewe wavifuate wakati wowote, wasione haya. Sufuria tunaitumia.

Wabillahi tawfiq.