Wifi yangu, kabla hujampa mtoto dawa ya homa

Wifi mpendwa,

Parasetamoli ya maji ni dawa nzuri, na unaipata duka lolote la dawa. Kinachonitia hofu ni ile kauli ya "mpe kijiko kimoja". Kijiko kimoja cha ipi?

Soma lebo kwanza. Chupa nyingi huwa na miligramu 120 katika kila mililita 5. Zipo za miligramu 250 katika mililita 5 hizo hizo. Na ile ya matone ya wachanga mara nyingi ina miligramu 100 katika mililita 1 tu. Sasa chukua mtoto wa kilo 10. Anahitaji miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani 100 hadi 150 kwa mara moja. Mililita 5 za chupa ya kwanza ni 120, zinamtosha. Za chupa ya pili ni 250, zimeshapita kiasi. Za matone ni 500, kidonge kizima cha mtu mzima! Kwa hiyo angalia uzito kwenye kadi ya kliniki, na kama ni wa zamani, panda mizani umembeba, kisha upande peke yako, utoe.

Vijiko vya jikoni viache, havilingani. Nunua bomba la sindano la mililita 5, lisilo na sindano yenyewe. Tikisa chupa vizuri, maana dawa hutuama: usipotikisa, mtoto atakunywa maji matamu siku za mwanzo na dawa kali chupa ikikaribia kuisha. Mkalishe, umpe kidogo kidogo kwenye shavu kwa ndani. Akilala chali atapaliwa.

Kisha andika saa uliyompa, karatasi ibandikwe palepale dawa inapokaa. Wewe umempa alfajiri, dada wa kazi kampa asubuhi, bibi naye kamwonea huruma. Hivyo ndivyo dozi zinavyozidi bila mtu kukusudia. Achia masaa 6, yasipungue 4 kabisa, na zisizidi dozi 4 kwa masaa 24. Dawa za mafua na kikohozi nazo soma, baadhi zina parasetamoli ndani.

Ibuprofeni, dawa nyingine ya homa na maumivu, usimpe kama anatapika, anaharisha au hanywi vizuri, kwani mwili ukiwa umekauka dawa hiyo huumiza figo. Akiwa na tetekuwanga, au kuna homa ya denge mtaani, iache pia. Kwa mgonjwa wa denge huongeza hatari ya kutoka damu. Aspirini si ya mtoto aliye chini ya miaka 16, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Na kile kidonge chako cha maumivu, diklofenaki, usimkatie kipande.

Parasetamoli inashusha joto, haiui vimelea vya malaria. Mtoto anaweza kupoa, akacheza, na malaria ikaendelea kupanda. Mpeleke apimwe siku hiyo hiyo. Mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa usimpe chochote zaidi ya ziwa, nenda naye kituoni. Mkimbize kituoni pia mtoto wa umri wowote akidegedeka, akilegea, shingo ikikakamaa, akipumua kwa shida au akitapika kila kitu.

Ikitokea amezidishiwa, au kaifikia chupa mwenyewe, usisubiri dalili. Ini linaweza kuumia siku nzima au zaidi huku mtoto anaonekana mzima. Dawa ya kulikinga ipo hospitali, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 8. Usimtapishe. Beba chupa, uwaambie kanywa kiasi gani na saa ngapi.

Wifi yako