Saini za Rais Lübke

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu sana. Umeuliza kama Heinrich Lübke, rais wa Ujerumani Magharibi tangu 1959 hadi 1969, alijenga kambi za mateso za Wanazi au alisingiziwa. Yote mawili yamo, ndiyo maana wengi hujikwaa.

Mwaka 1966 Albert Norden, kiongozi wa chama tawala cha kikomunisti huko Berlin Mashariki, aliwaonyesha waandishi wa habari michoro ya mabanda ya wafungwa yenye saini ya Lübke. Serikali ya Magharibi huko Bonn ikajibu kwamba ni ya kughushi. Mwaka 1968 mtaalamu wa mwandiko kutoka Marekani, aliyeagizwa na jarida la Stern, akasema saini ni zake. Lübke akatokea kwenye televisheni akidai hawezi kukumbuka kila karatasi aliyoisaini. Jibu hilo lilimmaliza kuliko michoro yenyewe.

Ukweli ni kwamba michoro na saini ni halisi. Kilichochezewa ni jalada. Idara ya usalama ya Mashariki ndiyo iliyoongeza maandishi ya "kambi ya mateso" juu yake. Mchoro wa banda la mbao unakupa vipimo, milango na madirisha. Haukuambii atalala nani humo. Kwa hiyo usibishanie karatasi, fuata maeneo ya ujenzi. Hapo ndipo anaponasa: wakati wa vita alifanya kazi katika ofisi ya mhandisi Walter Schlempp, iliyokuwa chini ya Albert Speer, msanifu majengo na waziri wa Hitler, na wafungwa wa kambi walitumikishwa kwenye kazi alizozisimamia Lübke, kwanza kituo cha makombora cha Peenemünde kisha kijiji cha Leau.

Lakini usimwandike kama Mnazi wa damu. Alikuwa mbunge wa chama cha Wakatoliki cha Zentrum katika jimbo la Prussia, na 1934 Wanazi wenyewe walimtia ndani miezi 20 bila kumhukumu. Baada ya vita akawa waziri wa kilimo. Urais aliupata baada ya kansela Adenauer kuutaka kisha kughairi. 1964 hata SPD, chama cha upinzani, walimpigia kura.

Ile hadithi kwamba alifungua hotuba Liberia 1962 kwa kuwaita wenyeji "wapendwa weusi" iache: hakuna kanda wala nakala ya hotuba inayoithibitisha. Kiingereza chake cha kuchekesha nacho kwa sehemu kilitungwa na waandishi wa magazeti. Kusahausahau kwake, hata hivyo, kulikuwa kweli. Ubongo ulikuwa ukidhoofika.

Ukifika mwisho, andika tarehe sawasawa: aliondoka 30 Juni 1969, miezi miwili na nusu kabla ya muhula kwisha, na sababu iliyotolewa ni kwamba uchaguzi wa rais usigongane na wa bunge. Alifariki Aprili 1972.

Nitumie rasimu kabla hujaipeleka kwa mhariri.

Wako,
Salim