Ukuta umeniitikia vibaya

Kwako rafiki yangu,

Salamu nyingi. Najua ni mimi niliyenyamaza tangu mwaka jana. Lawama nazipokea, utanisema tukionana. Leo nina shida.

Juzi nilikuwa nagongagonga lipu ya ule mchoro mkubwa kwa ncha ya kidole, kama alivyotufundisha Mzee. Ukiutazama, rangi imetulia, hata ufa hauoni. Lakini nilipofika usawa wa bega la yule malaika, sauti ikabadilika. Kwingine kote kunaitika ti, ti. Pale pakaitika kama boga kavu. Nikarudia, nikarudia, mpaka Kipara akaniuliza nambishia nani hodi.

Unajua maana yake. Lipu ya juu imeachana na ya chini, katikati ni hewa tu. Huenda ni chumvi iliyopanda na unyevu, ikaganda humo ndani ikawa inasukuma. Bosi anasema mchoro ni mzima, tusijitafutie kazi. Na masikio yangu si ushahidi. Nikipata mafua kesho nitasikia mengine.

Ndiyo maana nakuomba kamera yako ya joto. Nitaupasha ukuta kidogo kwa taa. Palipo na hewa patapata moto upesi, kwa kuwa joto linakwama pale juu badala ya kuzama ukutani. Penye unyevu pataonekana pa baridi. Bosi akiliona doa lenye mipaka yake, sijui atasema nini tena. Ile mitambo ya leza, inayolinganisha uso wa ukuta kabla na baada ya kupashwa, hiyo niachie ndoto za Alinacha.

Usinicheke, lile boga linaninyima usingizi. Nawaza Assisi, kule Italia, 1997. Tetemeko lilipiga usiku, asubuhi watu wakaingia basilika kukagua, likapiga la pili, sehemu ya dari ikawaangukia. Wanne wakafa. Juu ya dari ile kulikuwa na kifusi cha miaka na miaka, na aliye chini alikuwa akiona michoro tu. Sisi nasi ngazi tumeiegemeza palepale, chini ya bega.

Sasa nijibu: kamera naipata lini? Nipige picha alfajiri, kabla jua halijaugusa ukuta kwa nje? Taa niiweke mbali kiasi gani nisije nikaharibu rangi? Zile sindano za kuingizia chokaa bado unazo? Na Mzee je, mguu umepona? Ukimwona mwambie... hapana, usimwambie kitu. Atataka kupanda ngazi mwenyewe.

Wako,
mbisha hodi