Kansela wa Ujerumani hang'olewi hivi hivi

Mhariri,

Bado nasoma kuwa Bunge la Ujerumani "lilimng'oa" Olaf Scholz, aliyekuwa Kansela (mkuu wa serikali), Desemba 16, 2024. Si kweli. Aliomba kura ya imani mwenyewe, kwa ibara ya 68 ya Sheria ya Msingi, yaani katiba ya Ujerumani. Akapata 207, wakapinga 394, wakajizuia 116. Kati ya wabunge 733 alihitaji 367, hivyo aliyejizuia alimnyima kura sawa na aliyepinga. Hata hapo kiti hakikuwa wazi. Rais alikuwa na siku 21 za kuvunja Bunge kwa ombi la Kansela, na uchaguzi ufanyike ndani ya siku 60 baada ya hapo. Rais Steinmeier alilivunja Desemba 27, uchaguzi ukafanyika Februari 23, 2025. Scholz alibaki ofisini hadi Mei.

Kumng'oa hasa ni ibara ya 67: wabunge wamchague mrithi kwa wingi wa wabunge wote, saa 48 baada ya hoja kuwasilishwa. Walioandika katiba hiyo mwaka 1949 walikumbuka Jamhuri ya Weimar, Ujerumani ya kabla ya Hitler, ambako mahasimu waliungana kuangusha serikali, kisha wasikubaliane nani aongoze.

Njia hiyo imejaribiwa mara mbili tu. Mwaka 1972 Rainer Barzel wa upinzani alipata 247 akihitaji 249, Kansela Willy Brandt akapona. Mwaka 1982 Helmut Kohl alipata 256 na kumrithi Kansela Helmut Schmidt siku hiyohiyo.

Na majimbo? Bundesrat, baraza lao, halina kura hata moja katika suala hili, jambo linalowashangaza wanaodhani shirikisho humaanisha majimbo kushika kila kitu.

Msomaji, Dodoma